Makanisa ya kale ya Kusini: namna ya kuyazunguka na familia, kutoka Mikindani hadi Masasi

Mara ya kwanza tulikuwa watu saba ndani ya Noah: mimi na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe, na shemeji yangu ambaye ni Mwislamu na alikuja kwa ajili ya pweza, siyo kwa ajili ya makanisa. Tukafika kwenye kanisa moja la zamani saa nane mchana. Mlango una kufuli. Mwenye funguo yuko shambani, anaokota korosho, na simu kaiacha nyumbani kwenye chaji. Tukachungulia madirishani kama wezi, tukapiga picha za ukuta, tukaondoka.

Tangu siku hiyo safari zangu zinaanza na mwenye funguo, mafuta yanafuata baadaye. Mwongozo huu nimeuandika kwa anayetaka kuwapeleka watoto kwenye sehemu ambako Ukristo ulianzia Mtwara na Lindi, akitokea Mtwara mjini, kwa siku tatu au nne.

Neno moja kuhusu "kale" kabla hujawaahidi watoto makubwa. Ukipima kwa misikiti ya Kilwa, makanisa yetu ni ya juzi tu. Misheni ya Masasi ilianza 1876, na zile za Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, ni za miaka ya 1890 na kuendelea. Usitegemee maghofu wala kibanda cha tiketi. Hizi ni parokia zinazoishi: watu wanabatizwa, wanaoa na wanazikwa palepale. Ndiyo maana habari ya funguo ni kubwa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenyewe. Likizo ya Juni inawafaa watoto, jua ni la wastani, na Masasi asubuhi kuna kabaridi kanakohitaji sweta. Mvua za Kusini zinaanza kuelekea Desemba na kwenda hadi Aprili, na zikikolea barabara za vumbi za vijijini hazina huruma. Hata lami siyo ya kuiamini moja kwa moja: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Somanga, na watu wakakwama njiani. Kwa wanaotoka Dar, sikiliza taarifa za hali ya hewa kabla ya kuondoka.

Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Raha yake ni kwamba mji una pesa na mabibo yananukia kila kona. Shida yake ni malori, na wenye funguo wote wako mashambani.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye funguo

Kwa makanisa ya Kianglikana anza na ofisi ya dayosisi au kasisi wa mtaa. Kwa Katoliki, ofisi ya parokia. Kama hujui pa kuanzia, muulize jirani anayesali dhehebu hilo. Kusini hapakosi mtu mwenye shangazi Masasi. Ukishaipata namba, piga, usiandike ujumbe. Salimia vizuri, sema mko wangapi, mnatoka wapi, mtafika lini, na mnataka kuona nini: ndani ya kanisa, makaburi, au vitabu vya zamani. Omba pia namba ya mtu wa pili. Huyo wa pili ndiye atakayekuokoa.

Ukikosa kabisa, tumia ujanja huu: fika Jumamosi alasiri. Siku hiyo kina mama wanafagia na kupanga maua, kwaya inafanya mazoezi, mlango uko wazi bila kuomba. Au fika Jumapili usali nao. Mgeni aliyesali haambiwi funguo hazipo. Ila usifike katikati ya ibada na kamera shingoni, maana hapo hata mimi ningekunyima.

Kina mama na mabinti wabebe khanga, wanaume waache kaptura nyumbani. Sadaka weka kwenye sanduku. Aliyekutembeza mpe chochote pembeni, kwa heshima, bila kuhesabu noti mbele ya watoto wake.

Hatua ya 3: Gari

Angalia spea tairi. Simaanishi kuangalia kama lipo, naliona lipo miaka yote. Lipime upepo. Sisi tulipata pancha tukatoa spea, nayo ikakaa chini kama chapati, mume wangu akapanda bodaboda na tairi mgongoni kwenda kwa fundi pancha. Jaza mafuta Mtwara, na ukifika Masasi jaza tena. Vijijini kwenye vibao vya 50 nenda 50 kweli, kwa sababu trafiki wenye tochi hukaa chini ya mwembe usioutegemea.

Chakula cha njiani: maji mengi, korosho, ndizi, na ukiona wanauza ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini, nunua. Watoto wa mjini wataikunjia uso mwanzoni, halafu watamaliza mfuko.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Mtwara na Mikindani

Anzia Majengo, Mtwara mjini, kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo. Jengo lenyewe siyo la zamani sana, lakini ni mlango mzuri kwa watoto, kwa kuwa kuta zake zimejaa picha za Biblia zenye rangi kali, kazi ya Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Usiwaeleze kitu. Waambie kila mmoja atafute hadithi anayoijua. Wangu walimaliza dakika arobaini humo, na yule mdogo akagombana na kaka yake kuhusu nani ni Yona. Shemeji naye alitambua manabii wengi kuliko mimi, akatucheka hadi Mikindani.

Mikindani ni kilomita kama 10 tu. Machi 1866 David Livingstone alifikia hapa, akaanzia safari yake ya mwisho kwenda bara. Pwani hakurudi tena akiwa hai. Ipo nyumba ya zamani yenye kibao cha jina lake. Juu ya kilima utaiona Boma la Wajerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli. Kunywa hata soda pale juu uitazame ghuba.

Lakini usiwaache watoto waondoke na Livingstone peke yake. Mikindani ilikuwa bandari ya watumwa, na Lindi vilevile. Watu walitembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapita humuhumu ambamo kesho mtapita kwa gari, wakapakiwa majahazini. Waambie hivyo wakiwa wamesimama ufukweni. Bila habari hiyo Masasi haitaeleweka. Uzi unaounganisha ndio huu: hotuba ya Livingstone kule Cambridge, 1857, ndiyo iliyochochea kuundwa kwa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza. UMCA ikaweka makao Unguja 1864, na kutoka Unguja ikaja Masasi.

Pweza mle Mikindani au mrudi Mtwara, mtakavyoona. Sisi tulikula kotekote.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Mnazi Mmoja, Nyangao, Ndanda

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, ni njia panda: kulia unakwenda Lindi, kushoto unakwenda Masasi. Kunyweni chai hapo, watoto wajisaidie, halafu shikeni kushoto.

Nyangao ni kituo cha kwanza cha maana. Wamisionari wa Kibenediktini walifungua misheni hapa na Lukuledi katika miaka ya 1890. Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika, misheni zote mbili zilichomwa, na katika kukimbia kutoka Nyangao Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Mwezi huohuo, njiani kati ya Kilwa na Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda na masista aliokuwa akisafiri nao.

Hapa mzazi unapaswa kuwa na akili. Ukisimulia mauaji ya wamisionari tu, mtoto ataondoka akidhani babu zake walikuwa wakatili wasio na sababu. Ukisimulia ushujaa wa Maji Maji tu, utakuwa unadharau makaburi unayoyatazama. Mimi nilianza na pamba: watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali ya Kijerumani, wakatozwa kodi, wakachapwa viboko. Kisha nikawaeleza maji ya Kinjeketile wa Ngarambe, dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi za Wajerumani. Kisha nikamtaja yule sista. Binti yangu akauliza, "Kwa hiyo nani alikuwa na makosa?" Mama mkwe akamjibu kabla yangu: "Tembea kwanza, utajibu ukifika nyumbani." Hajajibu hadi leo, na mimi sijamdai.

Wenye kupenda vita vya dunia wajue pia kwamba Oktoba 1917 Waingereza na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck walipigana vikali hapahapa Nyangao na Mahiwa. Watoto wakishachoka, ruka sehemu hii.

Laleni Ndanda. Abasia ya Ndanda, yaani monasteri ya Wabenediktini inayoongozwa na abate, ilianzishwa 1906, baada ya moto wa Nyangao na Lukuledi, chini ya mteremko wa nyanda za juu za Makonde ambako maji hayakauki. Ukishafika unaelewa kwa nini walichagua pale: kusini kumekauka, lakini Ndanda kuna kijani na sauti ya maji. Kuanzia 1931 jimbo zima la Kanisa Katoliki lilikuwa chini ya abate wa hapa, na majimbo ya Mtwara na Lindi ya leo yana mizizi yao Ndanda. Hospitali, shule, karakana, mitambo ya uchapaji, vyote vilikua kuzunguka abasia. Kama una kitabu cha sala cha Kiswahili nyumbani, fungua ukurasa wa pili. Uwezekano ni mkubwa utaona kimechapwa Ndanda–Peramiho.

Omba nafasi kwenye nyumba ya wageni ya abasia mapema; ikijaa, zipo gesti barabarani. Sehemu wanamoishi watawa haiingiwi, msilazimishe. Kitu ambacho hampaswi kukosa ni Masifu ya Jioni, sala ya watawa ya kila jioni. Uliza saa siku hiyohiyo, ingieni kimya, kaeni nyuma. Watawa wanaimba zaburi kwa kupokezana, upande huu mstari mmoja, upande ule mwingine, taratibu, kwa Kiswahili. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hawezi kukaa kimya hata akilala, alikaa kimya. Shemeji alibaki nje kwa Magharibi yake, na tulipotoka alikuwa ameshapata rafiki, fundi wa karakana, wanazungumzia injini.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, Masasi

Kutoka Ndanda hadi Masasi ni kama kilomita 40. Utajua umekaribia utakapoona milima ya mawe imesimama uwandani kama watu waliosahau walikokuwa wakienda. Nenda Mtandi, penye kanisa kuu la Kianglikana, na kama umefuata hatua ya pili mwenye funguo atakuwa anakungoja.

Simulia hapa, kivulini, kabla ya kuingia. 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu kuja bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa wengi wao. Walipofika Masasi wakasema hapa panatosha. Wakajenga. Mnaona? Ni barabara ileile ya minyororo, ila safari hii watu wanaipita kwa kurudi.

Steere ndiye yuleyule aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, na mwili wake umelazwa nyuma ya altare pale. Ndiye pia mmoja wa waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Kama watoto wako walishawahi kwenda Unguja, wakumbushe. Wangu waliruka: "Yule wa sokoni!"

Mambo hayakuwa mepesi. 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, na misheni ikalazimika kuhamia Newala kwa muda. Aliyekuwa akiongoza misheni wakati huo, Chauncy Maples, baadaye alikuwa askofu wa Likoma, akafa maji katika Ziwa Nyasa 1895. Fikiria mtu aliyeachwa huru Unguja, akatembea kurudi, akajenga nyumba, halafu anatekwa tena akiwa Masasi. Mama mkwe aliposikia hilo aliketi juu ya jiwe na hakusema neno kwa muda.

Dayosisi ya Masasi ilizaliwa 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, anakumbukwa kwa jambo ambalo wazee watakusimulia kwa furaha: hakupiga marufuku jando. Aliliweka chini ya kanisa, padri akawepo, sala zikawepo, na yale aliyoyaona hayafai yakaondolewa. Mwanangu mkubwa akauliza, kwa sauti, mbele ya mzee wa kanisa, jando ni nini hasa. Mama mkwe akakohoa. Mzee akasema, "Hilo muulize babu yako, mimi nina funguo za kanisa tu." Muda mfupi kabla ya Uhuru akaja Trevor Huddleston, aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini; alikuwa askofu hapa 1960 hadi 1968.

Sasa ombeni kuona vitabu. Siyo kila parokia itakubali, na wakikataa msinung'unike, hayo ni majina ya watu. Sisi tulibahatika kwenye kanisa dogo nje ya mji, upande wa kwao mama mkwe. Mzee alifungua kabati kwa ufunguo uliofungwa kamba ya mpira wa baiskeli, akatoa daftari la ubatizo lililofunikwa kitambaa cha altare kilichochoka. Karatasi zimekuwa rangi ya chai. Mwandiko ni wa kulala, wino wa kahawia, safu kwa safu: jina la Kikristo, jina la nyumbani, baba, mama, mdhamini. Ukurasa mmoja una tundu la mchwa lililopita majina saba. Mama mkwe alikuwa akimtafuta bibi yake. Alishuka na kidole, hagusi karatasi, anakipitisha hewani juu yake. Hakumpata kwenye daftari hilo. Alimpata dada wa bibi, ambaye hakuna kati yetu aliyejua kwamba aliwahi kuwepo.

Basi, mkienda, andikeni majina kamili ya wazee wenu kwenye karatasi mkiwa nyumbani, pamoja na jina la kijiji na makisio ya miaka. Jina la Kikristo peke yake halisaidii kitu. Na mikono ioshwe, hasa ya waliokula korosho.

Alasiri ikibaki, Lupaso alikozikwa Rais Benjamin Mkapa, Julai 2020, iko wilaya hiihii. Alikuwa mtoto wa Kikatoliki wa huku, aliyesoma Ndanda na Pugu. Lile ni eneo la familia, kwa hiyo pigeni hodi na kupitia kwa wenyeji wa kijiji, na ulizeni kwanza hali ya barabara.

Hatua ya 7: Kurudi

Mna njia mbili. Kurudi mlikotoka, kwa lami, kupitia Mnazi Mmoja, na ukiwa na muda unakata kwenda Lindi kilomita 25 hivi: mjue tu kwamba kutoka hapo ndiko kundi la Steere lilianza kutembea. Njia ya pili ni kupanda Newala na kushuka Tandahimba na Nanyamba hadi Mtwara. Hiyo ni nzuri zaidi kwa macho, ila ujenzi wa lami umekuwa ukiendelea kwa vipande, kwa hiyo waulize madereva wa Newala stendi ya Masasi asubuhi hiyohiyo, na kama imenyesha jana yake, achaneni nayo. Mkipita Newala simameni Shimo la Mungu. Ni ukingo wa uwanda, ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa ni bonde la kuelekea Ruvuma. Mdogo ashikwe mkono.

Wanaorudi Dar wanaweza kuongeza Kilwa. Kibali mnachukua ofisini Kilwa Masoko, kisha boti hadi kisiwani. Wareno walijenga ngome pale 1505, wakaiacha 1512, na ile Gereza mnayoiona sasa ni ya Waomani wa karne ya 19, iliyosimama juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Kwa Wareno, kanisa ni "igreja". Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza limetoka humo. Waachie watoto walitafune hilo hadi Somanga.

Baada ya safari

Kila mwenye funguo uliyepiga naye picha umemwahidi kumtumia, na karibu wote walioahidiwa kabla yako bado wanasubiri. Usiitume kwenye simu tu. Ichape mjini, itie kwenye bahasha ngumu, andika jina lake na la kanisa, umpe kondakta wa basi la Masasi na nauli ya mzigo, kisha umpigie mzee umtajie basi na saa. Mzee wetu aliifuata stendi mwenyewe. Mwaka uliofuata tulipopiga simu kusema tunakuja, alisema daftari la pili ameshalitoa kabatini.